Mfenesi Uliovishwa Kitambaa

Kwetu milimani mwanamke akiolewa huaga mizimu ya kwao. Hupiga magoti mbele ya madhabahu ya baba yake, husema kwaherini babu zangu, tangu leo mimi ni wa kule, hunyunyiziwa maji, basi imekwisha. Akifika kwa mume kila kitu ni cha mume: nyumba, mizimu, mkeka wa kulalia, hata mahali atakapochomewa siku akifa. Runti alipoolewa aliaga kama wenzake, kichwa chini, machozi yakimtoka. Ila ndani ya kapu la nguo alikuwa ameficha tawi moja la ua la buluu tunaloliita maua elfu, limeviringishwa kwenye ganda bichi la mgomba. Mama yake ndiye aliyelikata, akamwambia alipande penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana, asilinyime maji, na aliweke mbali na chokaa. "Likinusa chokaa linaona haya," mama alisema. "Linageuka rangi ya waridi."

Nyuma ya nyumba ya mumewe palikuwa na mfenesi mnene, mzee, umesimama kule kunakotupwa maganda na kufungwa nguruwe. Chini yake hapakuota kitu ila magugu, na hakuna aliyepataka. Bibi harusi akapafyeka peke yake, akapachimba, akalipanda tawi lake. Likashika. Kutoka hilo akapandikiza mengine, na miaka ilivyokwenda kivuli chote cha mfenesi kikawa bustani: maua elfu nyuma, hina ya maji mbele, na penye mizizi yenyewe vile vimaua vyenye majani ya manyoya ambavyo jua la mchana mmoja tu huviua.

Maua ya kivulini yana deko, na asiyeyajua asijitie kuyalea. Maji yakizidi yanaoza, yakipungua yanalala chali. Kivuli kikiwa kizito hayachanui, kikiwa chepesi yanaungua. Runti alipanda mfenesini mwenyewe, sarongi ameifunga kiunoni, akapunguza vitawi vya upande wa mashariki tu, ili jua la asubuhi lipenye na la mchana lizuiwe. Chini alimwaga masimbi ya kahawa na maji aliyooshea mchele, na kwenye mashina alifukia misumari yenye kutu ili buluu isipauke. Nayo haikupauka. Vichwa vya maua vilikuwa vikubwa kama bakuli, kila kimoja na vimaua vyake visivyohesabika, vyote buluu tupu.

Na buluu kwetu si pambo. Kila asubuhi kila nyumba huweka sadaka, kisahani cha majani ya mnazi chenye maua kwa pande zake: meupe mashariki, mekundu kusini, ya njano magharibi, na kaskazini rangi ya giza. Meupe na ya njano hayakosekani uani kwa mtu. Buluu ilitoka kwa Runti. Wanawake walikuja na vikapu kukipambazuka, wakakaa kwenye mizizi wakisengenya, naye akawachumia kwa mkono wake. Alikuwa mkali, nisifiche. Ole wako ulinuse ua kabla ya miungu. Angekunyang'anya kikapu, akakuuliza kama nyumbani kwenu pia mnaonja chakula cha mgeni. Lakini walirudi kesho yake, kwa sababu kaskazini ya kitongoji kizima ilikuwa pale chini ya mfenesi.

Mumewe akafa bila kumwachia mtoto. Mjane asiye na mtoto kwetu ni mgeni aliyechelewa kuondoka: hakuna anayemwambia toka, ila hakuna anayemwuliza jambo. Nyumba ikawa ya mdogo wa marehemu, Derka, mkulima wa kabichi, mtu wa sauti kubwa na moyo usio mbaya. Mke wake Sarini alikuwa na ulimi, lakini sahani ya Runti hakuisahau hata siku moja. Kwa hiyo asije mtu akaniambia kwamba yaliyotokea yalitokana na ubaya wa shemeji. Yangekuwa mepesi kama ingekuwa hivyo.

Jioni moja wakila, Derka alisema, "Mbok," maana ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, "nguzo za madhabahu zimeoza. Nimezitikisa leo, zinacheza kama jino la mzee. Nimeona tuuangushe ule mfenesi wa nyuma."

Runti aliweka tonge chini. Mbao za mfenesi ndizo miungu huzipenda, hilo kila mtu analijua, na mti ule ulikuwa wa ukoo. Aliuliza, "Na maua?"

"Maua si yatapata jua, Mbok? Yamekaa gizani miaka yote hiyo kama wafungwa."

Sarini akacheka. "Muache mwenzio. Wale ndio wanawe, wewe unataka kuwaanika."

Runti naye alicheka, kwa sababu ilibidi. Angesema nini? Kwamba mizimu ya mumewe ikose nguzo kwa sababu yeye ana maua? Alijua vizuri jua la mchana litafanya nini. Siku ya kwanza majani yatalegea, ya pili yatakuwa na kingo za kahawia, na kabla mwezi haujaandama lile tawi alilotoka nalo kwao, kitu pekee katika ua ule ambacho hakikuwa cha mtu mwingine, litakuwa kuni. Derka alisema wangoje Sikukuu ya Miti ipite, kwani si vizuri kuua mti karibu na siku yake. Runti akaitikia kwamba ni kweli, si vizuri.

Sikukuu ya Miti huja kabla ya Galungan, siku mizimu inapotutembelea majumbani. Siku hiyo miti hupikiwa uji. Mwenye nyumba huichanja kidogo, huipaka uji pale penye jeraha, huigonga na kuibembeleza: "Babu, babu, Galungan inakaribia, zaa, zaa mpaka matawi yainame." Katika nyumba ile hiyo ilikuwa kazi ya Runti. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa mzito hata nguruwe hakuonekana. Akaanza na mikahawa, akaenda mkarafuu, akamalizia kwa mfenesi. Aliugonga akasema babu, babu, akaishia hapo, kwani anambembelezaje azae yule ambaye atakatwa wiki ijayo?

Ndipo akarudi ndani, akafungua sanduku, akatoa kitambaa cha drafti, nyeusi na nyeupe, kilichowahi kuvikwa sanamu ya mlangoni. Alikuwa amekifua na kukikunja zamani, akijiambia kitafaa siku moja. Akakizungusha kwenye shina la mfenesi, akakifunga fundo.

Mti uliovishwa kitambaa hicho una mwenyewe. Hata mtoto wetu anayeanza kutembea anajua hivyo. Haukatwi, haukojolewi, hata kupita chini yake unaomba radhi.

Derka alipotoka na kikombe chake cha kahawa alisimama palepale. "Nani amekifunga?"

"Mimi."

"Kwa nini, Mbok?"

Kwa miaka yote Runti hakuwa mwongo. Huenda ndiyo sababu uongo wake ulitoka umekomaa. Alisema ameota. Mzee mwenye nguo nyeupe alikuwa ameketi kwenye mzizi ule mkubwa, akamtazama, akasema: hapa ni kwangu, mbona mnataka kunitupa mvuani?

Mguu wa kushoto wa Derka ulikuwa umevimba tangu siku alipokwenda kuupima ule mti kwa kamba, na hakuwa amemwambia mtu. Sasa aliutazama mguu, akautazama mti, na kahawa ikapoa mkononi.

Runti alidhani yameishia pale. Mti umepona, kivuli kimebaki, yeye na uongo wake watazeeka pamoja wakinyamaziana. Lakini uongo ukishaingia kwenye nyumba ya watu wacha Mungu hauachwi ukae bure. Kesho yake Derka alimleta kuhani wa hekalu la kijiji, tunayemwita Jero Mangku, mtu mpole asiyependa mambo ya haraka. Akaketi barazani, akamwuliza Runti mbele ya wote kama ana hakika na ndoto yake.

Hapo palikuwa mlango. Angeweza kusema, Jero, naomba radhi, niliogopea maua yangu. Wangemcheka mwaka mzima, labda wangemsamehe. Lakini aliona shoka la Derka limeegemezwa ukutani, limenolewa tayari. Akasema, "Nina hakika, Jero."

"Lisemwalo lipo," Mangku akasema, "na kama halipo, laja. Mti ukishavishwa hauvuliwi. Tumwulize mwenyeji anataka nini."

Basi Derka akaenda kwa mpiga ramli wa kijiji cha chini, akarudi amejaa habari. Mzee yupo kweli. Ni mkaaji wa zamani, aliyekuwapo kabla ya ukoo wao. Anapenda kahawa chungu. Anataka kijumba chake penye mzizi, na kila kinachoota ndani ya kivuli chake ni chake, kisiguswe kwa kisu wala kwa mkono. Runti alisikiliza mkono mdomoni. Yule mzee alimtunga mwenyewe, asubuhi, kwa hofu, na sasa alikuwa na kinywaji akipendacho.

"Hata maua?" aliuliza.

"Maua ndiyo hasa," Derka alisema. "Kwani unafikiri yalistawi hivyo kwa nini, Mbok? Kwa masimbi ya kahawa?"

Derka alikijenga kijumba kwa mikono yake, kwa heshima ambayo hakuwahi kuijengea hata nyumba yake. Saruji aliikorogea palepale, juu ya kitanda cha hina ya maji. Ndoo alizioshea kwenye mashina ya maua elfu. Akasimamisha msingi, akapanga matofali, akapaka chokaa mpaka kikang'aa. Runti alimwomba akorogee kule kwenye banda la nguruwe. "Kwa mwenyeji wetu niikoroge bandani?" Derka aliuliza, na ikabidi Runti akubali kwamba haifai. Nguzo za madhabahu ya ukoo zikawekwa za mnazi, mbao nyepesi, za kushikilia tu. Kila Runti alipokwenda kusali aliziona, akajua mizimu ya mumewe inasimama kwenye mnazi kwa sababu yake. Alikuwa anaona haya, na haya ile haikuwa na mtu wa kugawana naye.

Mguu wa Derka ukapungua uvimbe. Jambo hilo likatosha. Wanawake waliokuja na vikapu sasa walikuja na vijiti vya ubani na vikombe vya kahawa. Wakapiga magoti juu ya vile vimaua vya manyoya, wakaondoka. Hakuna aliyekaa tena kwenye mizizi kusengenya. Buluu ya kaskazini wakaibadilisha kwa vijani vilivyokatwakatwa, na yale maua yenyewe yakachanua, yakazeeka, yakakaukia kwenye vikonyo vyao kama vitambaa vya jikoni. Maua elfu yasipopunguzwa yanachoka. Runti alikuwa anayatazama kutoka mlango wa jiko. Kumwagilia aliruhusiwa, kukata hapana. Sarini alimwona siku moja amesimama vile, akamwambia, "Mbok, wewe ndiye uliyeota lakini sura yako ya mtu aliyeibiwa."

Mvua zikaja, machipukizi mapya yakatoka, na Runti akayangojea kwa moyo wote. Yalipofunguka, yale ya karibu na kijumba yalikuwa ya waridi.

Alijua mara moja. Alisikia sauti ya mama yake waziwazi: linaona haya. Chokaa ya kuta na maji ya saruji vilikuwa vimeshuka ardhini, na misumari yake yote haikufua dafu. Lakini wengine hawakuwa na mama yule. Kitongoji kizima kikaja kutazama. Mzee amebadilisha rangi, walisema. Amepokea, amefurahi, amejionyesha. Walikuja watu wa vijiji vya mbali, wakapiga picha kwa simu. Mwanamke mmoja mgumba alilala kifudifudi pale akilia, na Runti, aliyewahi kulia kilio hichohicho, alimletea maji ya kunywa na hakuweza kumtazama usoni.

Kisha Derka akasema jambo la mwisho. Watu wamekuwa wengi, matope yamezidi, si heshima. Atapiga sakafu ya saruji kivuli chote, kutoka shinani hadi ukutani, na vigae juu yake. Maua ya mbele yataondolewa kwa ibada, ya nyuma yataachiwa tundu.

"Tundu?" Runti alisema.

"Tundu kubwa, Mbok. Yatapumua."

Siku hiyo hiyo Runti akamfuata shambani, kwenye kabichi, ambako hapakuwa na mtu mwingine. Akakaa chini tuta kwa tuta naye, akamwambia yote: hakuna ndoto, hakuna mzee. Aliogopa mti usije ukakatwa. Yale maua yamegeuka kwa sababu ya chokaa, mama yake alimwambia tangu yeye ni msichana. Alisema ampige kama anataka kumpiga, amfukuze, lakini asimwage saruji.

Derka aliendelea kung'oa magugu. Runti alidhani hajasikia. Baadaye akajifuta mikono kwenye suruali, akanyoosha ule mguu wa kushoto mbele yake.

"Huu hapa," alisema. "Ulikuwa hivi. Ukapona. Chokaa ndiyo iliyouponya?"

"Sijui, Derka. Ninachojua ni kwamba mimi nilidanganya."

"Ulidhani unadanganya." Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole ule ndio uliomvunja nguvu. "Mzee alitaka kusema, akatafuta mdomo. Akaona wa kwako. Wewe ulifikiri unaokoa maua, kumbe unatumwa. Mbok, ingekuwa ni uongo tu, mpiga ramli angejuaje?"

Runti aliomba angalau apewe tawi moja kabla ya saruji. Derka akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. Kama ingekuwa mali yake angempa yote, alisema, ila si mali yake. Akamwomba pia maneno yale asiyarudie kwa mtu, watu wasije wakamwona amepotoka, na akamsaidia kuinuka.

Mafundi walikuwa waje baada ya siku mbili. Kesho yake mchana Sarini alikwenda hekaluni kusuka majani ya sadaka, Derka alikuwa mjini kuchukua vigae, na ua ulikuwa mtupu. Runti alichukua kisu kidogo cha jikoni na ganda bichi la mgomba. Alikuwa amelifikiria vizuri. Lile shina la nyuma kabisa, la ukutani, ndilo lilelile la kwanza, mama wa mengine yote, na chokaa ilikuwa haijalifikia. Lilikuwa bado na kichwa kimoja cha buluu. Angekata tawi moja chini ya kifundo. Angelificha kwenye chungu nyuma ya ghala la mpunga, ambako jua la asubuhi hufika na la mchana halifiki. Alikuwa ameshaiba tawi hilo mara moja maishani mwake, akiwa na machozi na nguo za bibi harusi.

Akaingia kivulini. Akapita vikombe vya kahawa, vingine vimeingia sisimizi. Akakipita kijumba bila kukitazama, akainama, akalishika tawi, akaweka kisu mahali pake.

Kisu hakikwenda.

Alijiambia, Runti, ni ua lako. Umelipanda wewe. Huyu unayemwogopa umemzaa mwenyewe, kwa mdomo wako, asubuhi ya ukungu, kwa sababu ya shoka. Yote hayo aliyajua kama anavyojua jina lake. Lakini kitambaa cha drafti kilikuwa mbele ya uso wake, kimefifia kwa mvua, chenye fundo alilofunga yeye. Mwanamke yule mgumba alikuwa amelala hapa. Mguu ulikuwa umepona. Akakumbuka kwamba alipaswa kuomba radhi wakati wa kuingia, na kwamba hakuomba.

Akapiga magoti kwenye majani yaliyooza.

"Babu," alisema. "Babu, naomba tawi moja. Lilikuwa langu."

Mfenesi ulidondosha jani, kama unavyodondosha siku zote. Runti akalitazama likianguka, hakujua kama ni ndiyo au ni hapana. Akabaki amepiga magoti, kisu mkononi, mbu wakimla miguu, akingoja ajibiwe, mpaka aliposikia gari la vigae likipanda kilima.